Naomba ushauri: ukungu kwenye picha za galari yetu

Habari za leo wakuu. Tuko wasanii sita, tuna galari ndogo ya kupanga hapa Bagamoyo, nyumba ya zamani ya mawe karibu na bahari. Masika ya safari hii yametukomesha. Juzi niligeuza picha moja ya mtindo wa uchoraji wa tingatinga nikakuta madoa meusi nyuma ya kitambaa, mengine kama unga mweupe, na harufu ya kabati la bibi. Picha kumi na moja zimeshashikwa. Zile zilizochorwa kwenye hadibodi (ubao mwembamba wa kugandamizwa), kama alizochora mzee Edward Tingatinga mwenyewe, mwanzilishi wa mtindo huo, rangi iko salama ila pembe zimevimba.

Nimewasha feni usiku kucha, nikafungua madirisha (kosa, upepo wa bahari uliongeza unyevu), nikapangusa kwa tambara kavu. Siku nne tu, ukungu umerudi. Kuanika juani naogopa rangi itapasuka.

Naomba kujua: ukungu unatolewaje bila kuharibu rangi ya mafuta? Na picha tulizopewa mali kauli (tunawalipa zikishauzwa) na vijana wa mtaani, zikiharibikia kwetu, hasara ni ya nani? Hatukuandikiana chochote, na maonyesho ni mwezi ujao.