Daktari bingwa anayetaka kumpasua shangazi yangu, rekodi yake ya nyuma naipata wapi?

Kigoma_Original (mleta mada)

Wakuu habari za mchana, naombeni mawazo kabla wiki ijayo haijafika. Shangazi yangu ana uvimbe kwenye kizazi na kaambiwa kizazi kitolewe, hospitali ni ya praiveti hapa Dar, daktari ni bingwa mwenye jina kwelikweli, siku za kliniki yake watu wanajaa mpaka kwenye mabenchi ya nje. Sasa juzi tuko msibani Kimara mama mmoja kusikia lile jina akashtuka, "huyo si ndo alimtoboa mdogo wangu kibofu wakamhamisha hospitali usiku usiku?" Mimi sijui kama ni kweli au ndo maneno ya msibani maana pale kila mtu ana lake.

Nikaingia tovuti ya Baraza la Madaktari Tanganyika (MCT) nikamtafuta. Yupo. Jina, namba ya usajili, fani, leseni iko hai, basi. Hakuna mstari unaosema kashawahi kulalamikiwa wala unaosema hajawahi. Sasa najiuliza, fundi gari tu kabla sijampa gari naulizia mtaa mzima, huyu anayeenda kumfungua mtu tumbo mbona historia yake iko kabatini? Kuna sehemu mwananchi wa kawaida anaweza kuiona au ndo tumuachie Mungu?

Kipimajoto

Mkuu pole na kuuguza. Ulichokiona ndo kilichopo. Leseni hai maana yake mtu amesajiliwa, kalipia, ana pointi zake za mafunzo endelevu na Baraza halijamsimamisha. Haimaanishi ana mikono mizuri. Sheria ya 2017 ya wataalamu wa afya inalipatia Baraza nguvu ya kupokea malalamiko, kumuita daktari, kumpa onyo, kumsimamisha au kumfuta kabisa, na mtu yeyote anaweza kuandika barua kwa Msajili hata leo, huhitaji wakili. Ila kupeleka lalamiko lako ni jambo moja na kusoma malalamiko ya wengine ni jambo lingine kabisa, hapo pa pili ndo pamefungwa. Na kama operesheni ni Zanzibar msihangaike na MCT, kule wana baraza lao.

Mbongo_Houston

Wadau msidhani huku kwa wazungu mambo yako wazi, kuna watu wanapenda kusema "Marekani bwana". Huku kuna ghala la taarifa la serikali linaitwa National Practitioner Data Bank, sheria yake ya 1986, likaanza kazi 1990. Humo ndani kuna kila fidia iliyolipwa kwa niaba ya daktari kwa uzembe, kila adhabu ya bodi, kila hospitali iliyomzuia kufanya kazi zaidi ya siku 30. Sasa sikilizeni utamu wake: hospitali inaruhusiwa kuangalia, bodi za leseni zinaruhusiwa, daktari mwenyewe anaruhusiwa kujiangalia, mgonjwa HARUHUSIWI. Kwa sheria kabisa. Yaani anayepasuliwa ndo mtu pekee chumbani asiyejua.

Walikuwa wanatoa faili moja la wazi lisilo na majina kwa ajili ya utafiti, 2011 mwandishi mmoja wa gazeti la Kansas City akaliunganisha na kesi za mahakamani akamjua daktari ni nani, serikali ikalitoa mtandaoni palepale. Waandishi na watafiti wakapiga kelele, miezi michache likarudi ila na masharti.

Kinachotusaidia ni bodi za majimbo. Hapa Texas unaingia tovuti ya bodi bure, unaandika jina, unaona kasoma wapi na kama ana adhabu yoyote na karatasi ya uamuzi unaifungua unaisoma. Massachusetts ndo walianza mambo ya wasifu wa daktari kwa wananchi, 1996 huko.

Dokta_Asiyelala

Naomba niseme upande wa pili maana nyuzi hizi kila mara zinageuka kuwa za kutuchinja. Mleta mada, kutoboka kibofu wakati wa kutoa kizazi ni madhara yanayojulikana kitabuni, yanampata bingwa mzuri pia, hasa mama aliyewahi kuzaa kwa kisu mara mbili tatu maana ndani kunakuwa kumeshikana, kibofu kimeganda kwenye kizazi. Swali la maana siyo kama alitoboa, ni kama aliona palepale akashona, na kama aliwaambia ndugu ukweli. Huyo mama wa msibani hajui hayo, anajua tu mdogo wake aliondoka na mpira wa mkojo.

Lalamiko siyo hukumu. Mkiweka malalamiko yote mtandaoni daktari anayechukua kesi ngumu, zile zilizokataliwa hospitali tatu, ndo ataonekana muuaji, na yule anayechagua wagonjwa wepesi ataonekana malaika. Mwisho wa siku hakuna atakayegusa kesi ngumu. Halafu mnasahau nusu ya makosa siyo ya mtu mmoja, ni mfumo. Mnaikumbuka ile ya MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, 2007? Wagonjwa wawili wamefanana jina la kwanza, mmoja goti mwingine kichwa, wa goti akapasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti. Pale ungesoma rekodi ya daktari mpaka asubuhi isingekusaidia, tatizo lilikuwa jinsi mgonjwa anavyotoka wodini mpaka anafika kitandani theatre bila mtu kuhakikisha ni nani.

Mtoto_wa_Buruburu

Daktari hapo kwa mfumo niko na wewe, huku Kenya iliwahi fanyika venye umesema, mwaka wa 2018 hospitali kubwa ya taifa, wakafungua kichwa ya mtu si wake juu vitambulisho vya mkononi vilichanganywa, wako ndani masaa wanatafuta damu iliyoganda hawaioni. Lakini hio si sababu ya kuficha kila kitu. Huku unaweza angalia kwa KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, kama daktari na hospitali wako na leseni ya mwaka huu, na usicheze, matapeli ni wengi. Kwa ile mambo ya zamani mimi hutafuta kwa Kenya Law. Hukumu za korti ziko pale bure, jina la daktari, jina la hospitali, jaji alisema nini, kila kitu. Andika jina kwa alama za nukuu utashangaa.

WakiliNjaa

Huyo jirani kanitangulia. Na sisi tuna TanzLII, hukumu za Mahakama Kuu na Rufani ziko humo bure kabisa, mleta mada mtafute daktari na umtafute pia mmiliki wa hospitali maana mara nyingi anayeshtakiwa ni kampuni. Ila usitegemee sana, kesi nyingi za uzembe wa hospitali zinaisha kwa makubaliano nje ya mahakama, familia inapewa hela, inasaini karatasi ya kutosema, imeisha hiyo. Nyingine zinakufa kwa muda, madai ya namna hii una miaka 3 tu, na watu wetu wanamaliza mwaka wa kwanza kwenye maombolezo, wa pili wanatafuta faili hospitali wanaambiwa halionekani.

Kuhusu Baraza, malalamiko ambayo hayajaamuliwa yabaki siri, sina ugomvi. Daktari naye ana haki yake na sasa tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022. Lakini mtu akishasikilizwa, akajitetea, akakutwa na hatia, hiyo siyo taarifa binafsi tena, huo ni uamuzi wa chombo cha umma. Kwa nini usikae pembeni ya jina lake palepale aliposoma mleta mada "leseni hai"? Mimi nikifungiwa uwakili siwezi kudai ni siri yangu.

Mbongo_Houston

@Dokta_Asiyelala kaka nakuheshimu, ila hiyo hoja ya kesi ngumu ina dawa. Jimbo la New York walianza kukusanya vifo vya upasuaji wa moyo, mwanzoni majina ya madaktari wakayaficha, gazeti la Newsday likaenda mahakamani 1991 likashinda, yakatoka. Na hawakutoa namba kavukavu, wanapima na uzito wa wagonjwa, umri, moyo ulikuwa na hali gani, kwa hiyo anayechukua wagumu haonewi kirahisi. Kweli kuna waliolalamika kuwa madaktari wataanza kukwepa wagonjwa mahututi na mjadala huo mpaka leo upo, sikatai. Lakini vifo vilishuka.

Na ngoja nikupe ya Dallas uone siri inavyoua. Christopher Duntsch, daktari wa uti wa mgongo, kati ya 2011 na 2013 kaharibu watu zaidi ya 30, wawili wakafa, mwingine ni rafiki yake mwenyewe kabaki kapooza kuanzia shingoni. Hospitali ya kwanza ilivyoona mambo yamekuwa mabaya ikamwacha ajiuzulu kwa heshima, kwenye ile Data Bank haikuandika kitu. Akaenda hospitali nyingine na barua safi. Madaktari wenzake ndo walipiga kelele bodi mpaka leseni ikasimamishwa, 2017 kafungwa maisha. Unaona? Hata wale walioruhusiwa kuangalia waliangalia wakakuta peupe.

Bibi_Mkunga

Nimefanya UK miaka mingi, niongeze dogo. Kule rejista ya GMC, baraza la madaktari la Uingereza, iko wazi kwa kila mtu, masharti na kusimamishwa unaona, na vikao vya nidhamu vinafanyika Manchester wazi, unaingia unakaa. Lakini hayo yamekuja kwa damu. Yule daktari Harold Shipman aliyekuja kuua wagonjwa wake alishakutwa na hatia mahakamani 1976 kwa kughushi vyeti vya dawa ya pethidini, alikuwa anajichoma mwenyewe, GMC ikamwandikia barua ya onyo tu. Mwaka uliofuata kapata kazi mji mwingine, Hyde, wazee wanampenda, wanamngojea nyumbani. Tume ilikuja kuhesabu waliouawa 215. Hakuna mgonjwa hata mmoja wa Hyde aliyekuwa na namna ya kujua habari ya 1976.

Kigoma_Original

Asanteni sana wakuu. TanzLII nimeingia, jina lake halipo, la kampuni yenye hospitali lipo ila ni kesi ya pango. Shangazi kazaa kwa kisu mara mbili kwa hiyo alichosema daktari hapo juu kimenikaa. Kesho tuna kliniki, nimuulize nini bila kumuudhi? Maana hawa wakiona unauliza sana wanaanza kukwambia "basi katafuteni kwingine".

Dokta_Asiyelala

Uliza hivi: operesheni kama hii unafanya ngapi kwa mwezi, wangapi mwaka huu wamepata jeraha la kibofu au mirija ya mkojo, na ikitokea nani anaitwa, yupo daktari wa mkojo hapahapa au mnampigia simu aliyeko Mwanza? Mwambie mapema kuhusu visu viwili na kama ana ripoti za zamani zipelekeni. Daktari anayejua kazi yake haudhiki na hayo. Akikwambia "mimi sijawahi kupata tatizo hata siku moja" hapo ndo shikeni begi lenu.

Sista_wa_Theatre

Mmemsahau mtu wa nusu kaputi. Kila mtu anauliza mpasuaji ni nani, hakuna anayeuliza nani anamlaza mgonjwa usingizi, na hospitali nyingine za praiveti huyo anakuja wa kukodi, kafanya zamu mbili sehemu nyingine, mgonjwa anamwona kwa mara ya kwanza yuko tayari kitandani. Muombeni amwone shangazi siku moja kabla, amuulize presha, aleji, meno ya bandia. Na jina lake nalo litafuteni MCT leo hiihii, angalieni leseni inaisha tarehe ngapi.