Mzee katoka

Shangazi Nabwire: Hamjambo nyote. Mzee katoka hospitalini saa nne. Mungu asifiwe.

Hadija: Afadhali! Kalala siku ngapi?

Shangazi Nabwire: Jumatatu mpaka Jumatatu. Na homa iliisha Ijumaa, dripu wakatoa. Tulichokuwa tunangoja ni saini ya daktari tu. Pembeni yetu mama na kichanga chake wako chini kwenye mkeka. Niliona aibu, wallahi.

Mjomba Okello: Tangu serikali ya Uganda ifute malipo kwenye hospitali zake 2001 watu ni wengi. Lakini wanachapa kazi pale, wodi imejaa mpaka sakafuni.

Juma: Mjomba, kujaa si kuchapa kazi. Mimi ndiye najaza fomu za mwezi kituoni kwetu. Hospitali huhesabiwa hivi: mgonjwa wa kulazwa alama 15, mama aliyejifungua 5, anayetibiwa na kurudi nyumbani 1. Wizarani wanajumlisha, ndipo wanazipanga nani juu nani chini.

Hadija: Kumbe Mzee ni alama 15 😂

Juma: 15 hizo hizo, alale siku 2 au 20. Siku zile tatu za kungoja saini hazikuongeza hata nukta. Zimekula kitanda cha yule mama.

Mjomba Okello: Sasa mwenye malaria na aliyepasuliwa tumbo ni sawa? Hesabu gani hiyo!

Juma: Hapo umenishika. Haipimi uzito wa ugonjwa, wala haiulizi kama mtu kapona. Ndiyo maana huangalia pia wastani wa siku za kulazwa.

Shangazi Nabwire: Daktari mwenyewe ni mmoja, wikendi nzima yuko kwenye upasuaji. Simlaumu.

Juma: Simlaumu pia. Ila afisa tabibu yupo. Apite wodini Jumamosi asubuhi, waliopona waende kwao. Hiyo haihitaji jengo jipya.

Hadija: Shangazi, tuandike barua?

Juma: Msilalamike. Ombeni faili liwe na tarehe mbili: siku aliyopona, siku aliyotoka. Pengo watalisoma wenyewe.

Mzee: Niko humu nawasoma. Hizo 15 zinanunua nyama?

Hadija: 😂😂😂 Baba, lala!

Mjomba Okello: Nabwire, nimekutumia elfu 20. Mnunulie Mzee nyama, barua nitaandika mimi.