Ulinganisho: makocha, waandishi au takwimu? Vikosi bora vya jimbo katika besiboli ya sekondari Texas

Baba Neema
Wanajamvi, salaam. Msimu wa besiboli wa shule za sekondari unapomalizika hapa Texas, hutangazwa vikosi kadhaa vya wachezaji bora wa jimbo, na kijana mmoja anaweza kuwa kikosi cha kwanza katika orodha hii na asionekane kabisa katika ile. Chama cha makocha wa besiboli kina orodha yake, chama cha waandishi wa michezo kina yake, tovuti ya takwimu ya MaxPreps hutoa yake, na kampuni ya vinywaji ya Gatorade humtaja mchezaji mmoja tu kwa jimbo zima. Naomba tulinganishe, hasa kwa mzazi ambaye kijana wake anawaandikia makocha wa vyuo.

Mkongwe wa Houston
Mimi naipa uzito orodha ya makocha, kwa kuwa wanaopiga kura wamekaa upande wa pili wa uwanja na kupanga namna ya kumzuia kijana huyo huyo. Hata hivyo, kura za namna hii huanza na mapendekezo, na kwa kawaida anayependekeza ni kocha wa shule yenyewe. Kocha asiyekuwa mwanachama, au asiyejaza fomu kwa wakati, humnyima mchezaji wake nafasi kabla kura haijapigwa. Kwa hiyo ndugu yangu, jina lisipoonekana, swali la kwanza ni kama liliwahi kupelekwa.

Dada Rehema
Takwimu za mtandaoni hazina upendeleo, wengi husema. Mzee wangu, nani anaziandika? Mara nyingi ni kocha msaidizi au mzazi wa timu hiyo hiyo, naye ndiye anayeamua kama mpira uliomponyoka mlinzi ni kosa la mlinzi au ni pigo halali la mpigaji. Uamuzi huo ukirudiwa msimu mzima, wastani wa mpigaji hupanda bila yeye kuongeza ustadi wowote. Aidha, timu isiyopeleka takwimu zake haihesabiwi.

Warushaji, yaani wanaomrushia mpigaji mpira, nao wana tatizo lao. Tangu 2017 kila jimbo linatakiwa kuwa na kikomo cha mirusho, na kwa timu za kwanza za shule za Texas kikomo hicho ni mirusho 110 kwa mrushaji kwa siku, kisha hupewa siku za mapumziko. Shule yenye warushaji wawili hodari huwagawia mechi, hivyo kila mmoja huonekana ana ushindi mchache kuliko mrushaji wa shule dhaifu anayebeba timu peke yake.

Kijana wa Kigamboni
Tuzo ya Gatorade, iliyoanza 1985, hutazama pia masomo na tabia, kwa hiyo si kipimo cha uwanjani pekee. Bobby Witt Jr. wa shule ya Colleyville Heritage ya hapa Texas aliipata kwa ngazi ya taifa mwaka 2019, na yeye orodha yoyote ingemchukua. Ubishi huwa kwa wanaofuata, hasa wanaocheza kati ya kituo cha pili na cha tatu: huko ndiko shule hupeleka mwanariadha wao bora, ilhali kikosi kina nafasi chache. Wa tatu kwa ubora katika nafasi hiyo anaweza kuangukia kikosi cha pili, huku mlinzi wa kituo cha kwanza asiyemfikia akiingia kikosi cha kwanza.

Baba Neema
Nashukuru. Na madaraja ya shule?

Mkongwe wa Houston
Shule za umma zimegawanywa kuanzia 1A hadi 6A kwa idadi ya wanafunzi, na waandishi huteua kikosi kwa kila daraja. Barua ya kijana itaje daraja, nafasi aliyochezea na chama kilichomteua, kisha aambatanishe video ya mechi nzima, kwa sababu kocha wa chuo atataka kumwona akipiga dhidi ya mrushaji mzuri kabla ya kusoma orodha yoyote.