Nimekulia Busia, nataka kusomea sera za dawa za kulevya. Mzee anasema nimepotea

Mwana_Marachi:
Wadau, niko mwaka wa mwisho wa sosholojia hapa Kisumu. Nikimwambia mzee ninachotaka kuendelea nacho ananiuliza, "Yaani utasomea bangi?"

Kwetu Busia ukitoka nyumbani unauona mpaka wa Uganda. Nikiwa darasa la nne, shangazi alikuwa akipokea waragi za pakiti, ile pombe kali ya Uganda, kutoka ng'ambo. Wanawake waliozileta walizifunga tumboni kwa leso, wakapita njia za panya wakijishika kiuno kama wajawazito. Mimba zilivuka alfajiri, saa mbili zimeshajifungulia jikoni kwetu. Kazi yangu ilikuwa kufungua lile fundo la leso, limelowa jasho, halafu kuhesabu pakiti kwenye beseni.

Huku kwetu Kenya, sheria ya vileo ya 2010 ilikataza pombe kali kuuzwa chini ya mililita 250. Ng'ambo pakiti ziliuzwa wazi mpaka zilipopigwa marufuku 2019. Kwa miraa ni kinyume: Kenya imeitambua kisheria kama zao tangu 2016, lakini Uganda wameiweka kwenye sheria moja na bangi. Mwaka 2023 Mahakama ya Katiba ya kule iliifuta sheria hiyo kwa sababu ilipopitishwa akidi bungeni, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa, haikutimia. Wabunge wakaipitisha upya, na miraa ndani. Jani ni lile lile, limevuka barabara tu.

Sasa nisomee nini: sheria, uchumi au afya ya jamii?

Dawa_Baridi:
Mdogo wangu, afya ya jamii. Mimi ni mfamasia. Methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, ilipoanza kutolewa hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, aliyesimama dirishani kuipima kila asubuhi hakuwa hakimu. Na takwimu usizikimbie, najua nyinyi watu wa sosholojia.

Mama_Malaba:
Mwanangu, umeandika vizuri ila umecheka sana. Kaka yangu alipofuka kwa chang'aa, pombe kali ya kienyeji, iliyochanganywa. Sheria hiyo hiyo ya 2010 ndiyo iliyohalalisha chang'aa, mradi itengenezwe kwa leseni na kutiwa chupani. Mimi hapa Malaba bado naiona kwenye mtungi wa plastiki na kikombe kimoja cha wote. Ukisomea hizo sera zako, anza na huo mtungi.

Mwana_Marachi:
Pole sana mama, na nimekubali kosa. Shangazi mwenyewe alishikwa mara mbili, na mara ya pili askari aliyemshika alikuwa mteja wake, tena wa mkopo. Hilo nililiruka kwa aibu.

Dawa Baridi, fomu ya afya ya jamii nimeichukua. Jumamosi nakwenda nyumbani kumhoji shangazi. Amekubali kwa masharti mawili: nisirekodi sauti, na soda nanunua mimi.