Kampuni ya nyumba hapa Mbeya inagawa madawati, sisi tulionunua nyumba zake hata mtaro hatuna

Wakuu, salaam. Nimevumilia vya kutosha, leo naandika.

Kuna kampuni inajenga na kuuza nyumba hapa jijini. Jina naliacha kwanza, maana bado tunaandikiana nao barua. Wiki hii picha zao zimejaa kila kona: wamepeleka madawati shule ya msingi, viongozi wamealikwa, bango kubwa, fulana mpya, na mkurugenzi anatamba kwamba kampuni inarudisha kwa jamii. Watoto kupata madawati ni jambo jema, sina ugomvi nalo. Lakini jamii ya kwanza ya kampuni ya nyumba ni watu wanaolala ndani ya hizo nyumba, na sisi hata simu zetu hazipokelewi.

Njooni muone wenyewe. Kwenye kona ya dirisha la sebuleni ufa umepanda mshazari hadi kwenye linta, ile boriti ya zege juu ya dirisha, ufunguo wa mlango unazama ndani. Ukikwangua plasta kwa ukucha unadondoka mchanga mtupu. Mtaro wa barabara ya ndani umechimbwa ukaishia kwenye ukuta wa jirani yangu, mama mjane, bila pa kutokea. Mvua za Machi za Mbeya mnazijua. Maji yote ya mteremko yanaingia jikoni kwake, na yakipungua tope limefika kwenye soketi za umeme. Tukilalamika tunaambiwa fundi anakuja wiki ijayo, na hivyo hivyo mpaka kipindi cha matazamio, yaani muda ambao kampuni inawajibika kurekebisha kasoro, kikaisha. Sasa wanasema mtaro ni wa awamu ya pili ya ujenzi. Jamani, Aprili 2024 si tuliona wote Mlima Kawetere ulivyoporomoka kule Itezi ukafukia nyumba za watu? Unamuuziaje mtu nyumba kwenye mteremko kabla hujajua maji yatapita wapi?

Halafu hati. Mkataba unasema ukimaliza malipo unakabidhiwa hatimiliki. Waliomaliza bado wameshika stakabadhi. Bila hati benki haipokei nyumba yako kama dhamana, kuiuza kwa bei yake huwezi, na ukifa wanao wanabaki kuzunguka ofisi za ardhi na karatasi za mauziano. Mtaani kwetu kuna mwalimu mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake chote pale. Kumpa shikamoo tu asubuhi kunaniuma, kwa sababu najua atauliza kama kuna habari yoyote ya hati.

Na hayo madawati yana faida kwao pia. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inairuhusu kampuni kupunguza kiasi cha michango ya kijamii kutoka kwenye mapato yanayotozwa kodi, hadi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Wenye migodi, kama wale wa dhahabu kule Chunya, tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 wanatakiwa kuandaa mpango wa kila mwaka wa kusaidia jamii na kukubaliana na halmashauri. Anayejenga nyumba za kuuza habanwi namna hiyo. Anachagua mwenyewe atoe nini, wapi, na mpiga picha asimame upande gani.

Wenye kampuni wanafikiri haya ni kelele za wanunuzi, kumbe ni biashara yao inayozama. Nyumba hainunuliwi kama soda. Mtu wa hapa kabla hajatoa hela anakuja kwanza mtaani Jumapili, anabisha hodi kwa aliyekwisha kununua, anauliza. Wanabisha kwangu pia. Nawaonyesha ufa, nawapeleka jikoni kwa yule mama, wanashukuru na kuondoka. Msingi wa awamu ya pili umeota majani. Hela za matangazo na sherehe zingetosha kuanza kuutoa ule mtaro mpaka mtoni, na sisi tungekuwa mawakala wao bila malipo.

Tunachodai ni hiki: mtaro umalizwe kabla ya mvua za Novemba, fundi apite nyumba kwa nyumba na mhandisi aliyesajiliwa, na kila aliyemaliza malipo apewe tarehe ya hati kwa maandishi. Kama wewe ni mnunuzi wa mtaa huu, nitafute inbox. Jumamosi tunakutana kwa mwenyekiti wa mtaa kusaini barua ya pamoja, njoo na nakala ya mkataba wako.