Kitabu kimeruka kurasa 16, gitaa halisikiki, samaki ana damu: hivi hela zetu mnazionaje?

Wakuu, poleni na majukumu.

Naandika nikiwa na hasira, nikikwaruza mtanivumilia. Mimi ni fundi marumaru. Kwenye kazi yangu hakuna anayekusifu kwa msingi wa nyumba. Mwenye nyumba anaingia, anavua viatu, anapitisha kidole kwenye grauti, anagongagonga. Kigae kimoja kikilia mtupu, umeumia. Mwezi uliopita nimebomoa choo kizima kule Mbezi kwa hela yangu, kwa sababu maji yalikuwa yanatuama kwenye kona badala ya kwenda kwenye tundu. Sikumwambia mama mwenye nyumba kwamba ndivyo ilivyotokea, azoee.

Wiki iliyopita nikamaliziwa malipo ya kazi ya miezi miwili. Nikasema na mimi nistarehe kama watu: kitabu, tamthilia, bendi, na Jumapili nimtoe mama watoto tukale samaki ufukweni. Vyote nimevipata. Hakuna hata kimoja kilichofika kizima.

Naanza na kitabu maana ndicho kinachoniuma hadi sasa.

Kusoma nimekurudia ukubwani, na aliyenirudisha ni mwandishi Abdulrazak Gurnah. Mzaliwa wa Unguja huyu, riwaya yake ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, akapewa Nobeli 2021, na sisi wenye lugha tukaipata kwa Kiswahili 2022, ikiitwa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Miaka 28. Lakini ilipofika ilifika imekamilika. Kiswahili chake kinatembea chenyewe, unafika katikati umeshasahau kwamba kilianzia lugha nyingine. Nilikisomea kwenye daladala, nikapitishwa kituo mara mbili.

Basi nikaingia tamaa. Nikanunua riwaya nyingine, ya mwandishi wa hapa hapa, shilingi 18,000. Simtaji, kosa si lake. Jamaa anajua kuandika. Binti katoroka kwao, yuko gatini usiku na begi moja, boti inapiga honi ya mwisho, kaka yake kaonekana kwa mbali anakata umati. Ukurasa wa 64 huo. Nafungua wa pili: binti amekaa barazani, ana mtoto anayetambaa.

Nikadhani ni ufundi, maana waandishi wa siku hizi wanaruka miaka bila kubisha hodi. Nikasoma kurasa tatu najikaza, nikijiona mjinga. Ndipo nikaangalia namba chini: 81. Nikaendelea hadi 96, na baada ya 96 ikaja 81 tena. Mtoto akarudi kutambaa upya.

Kwa wasiojua, kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Inachapwa karatasi kubwa, inakunjwa, inatoa fungu la kurasa, mara nyingi 16. Mafungu yanapangwa kwa zamu, yanagundishwa au kushonwa, kisha jalada. Sasa kuna mtu aliyekuwa anapanga akaokota fungu moja mara mbili, na lenye 65 hadi 80 akalipita. Ni kosa la kufumba na kufumbua, na binadamu hukosea. Hasira yangu iko kwa yule aliyetakiwa kukipekua kabla hakijaingia kwenye boksi. Kupekua tu, hata kusoma hatukumuomba. Tena nyuma ya jalada wameandika ni riwaya ya "kusimumua". Kusimumua! Neno moja la kukiuzia kitabu, na hakuna jicho lililolitazama.

Nikakirudisha dukani. Kijana akakipokea, akakigeuza, akaniambia, "Mzee wangu, vilikuja hivi hivi. Na hata hivyo umeshakisoma nusu."

Umeshakisoma nusu! Kama nimemrudishia ndizi niliyoimega. Shemeji yangu ananiambia niende FCC, ile tume ya ushindani, ndiyo inayomtetea mlaji. Kwa kitabu cha 18,000? Siku moja ya kufuatilia barua nimepoteza kibarua cha kukinunua mara tatu.

Tamthilia sina mengi. Ni ya Kituruki, imetiwa sauti za Kiswahili, mama watoto haikosi. Bibi wa miaka themanini ana sauti ya binti wa Sinza, na sauti hiyo hiyo ndiyo ya muuguzi, kwa hiyo bibi akiwa hospitalini anajiuliza na kujijibu mwenyewe. Mtu akifungua mdomo muziki unakatika, akifunga unarudi, kama redio yenye waya mbovu. Nilimkumbuka Lufufu, yule mtafsiri wa filamu. Waliokulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mitaani, wananielewa. Mtu mmoja na maiki moja, anasema maneno ya jambazi, ya polisi na ya mama anayelia, na nusu ya maneno katunga yeye. Lakini hukutoka pale ukiuliza nani kamuua nani.

Ijumaa nikaenda dansi. Ukumbi siutaji, bendi pia siitaji, wale wazee nawaheshimu. Kiingilio 10,000. Jukwaani watu kumi na mmoja, waimbaji wanne, tarumbeta mbili, magitaa matatu, besi na dramu. Namuona mpiga solo vidole vinakimbia kama buibui, kafumba macho, jasho linamtoka, yupo kwenye dunia yake. Kinachonifikia ni besi na dramu, dum, dum, na juu yake waimbaji wenye mwangwi kama wanaimba ndani ya simtanki. Neno moja sikulipata. Dansi la kwetu, ambalo nusu ya raha ni kusikia mtu anavyolalamika kuachwa, kusemwa na mashemeji, kudaiwa kodi! Bila maneno ni mazoezi ya viungo.

Tafuteni rekodi za RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, za miaka ya 70 na 80, za mwimbaji Marijani Rajabu, za bendi ya Mlimani Park. Vifaa vya wakati ule leo mtoto angevicheka. Ila unasikia solo, unasikia ridhimu inavyoijibu, tumba unaijua iko upande gani, na mwimbaji neno lake hulikosi hata kama jirani anatwanga. Kuna mtu alikaa chini akasikiliza, akasema wewe sogea nyuma, wewe punguza.

Nikamfuata fundi mitambo. Alikuwa kajiinamia kwenye simu, mwanga wa mpira unamcheza usoni. "Kijana wangu, gitaa la solo huku chini halisikiki." Hakuinua kichwa. "Mzee, watu wanataka mdundo."

Watu gani? Tulikuwa hatuzidi thelathini, na mdogo wetu ana mvi.

Wakati wa mapumziko nikampa mkono yule mpiga solo, nikampongeza ili asivunjike moyo. Akacheka. "Kaka, mimi mwenyewe sijisikii." Nililala na hayo maneno.

Sasa ufukweni. Hapa ndipo niliponyanyua mikono.

Tumefika saa saba mchana. Menyu hakuna. Kuna kimraba kimebandikwa mezani, unakipiga picha kwa simu ndiyo uone vyakula. Mama watoto ana kitochi. Mimi bando limeisha, nikanunua jingine ili niruhusiwe kujua wanauza nini. Nikaagiza pweza. "Kaisha kaka." Kamba? "Hawajaja." Ngisi? Dada wa watu akaangalia baharini kama anamtafutia mtu sababu. Na hapo mbele yetu zimelala ngalawa mbili, wavuvi wanakunja nyavu. Vilivyokuwepo ni changu na kuku, kwenye orodha yenye picha ishirini na kitu.

Tukasema changu, mmoja mkubwa, na chipsi, na wali wa nazi. Tumekaa saa moja na dakika arobaini. Meza ya jirani kulikuwa na mtoto, alilia mpaka akalala.

Samaki akaja. Kwa nje kachomwa hadi kawa kama mkaa, nikamtoboa na uma karibu na jicho, nikafunua mgongo: damu kwenye mwiba. Chipsi zimepoa zimenyong'onyea. Nikamuita dada kwa upole, kwa sababu yule dada kasimama tangu asubuhi na hakupika yeye. Akamchukua. Baada ya dakika tano karudi na samaki "mwingine". Nikamtazama mama watoto, mama watoto akanitazama. Tundu la uma liko pale pale, karibu na jicho. Walichofanya ni kummwagia mafuta ya moto na kumlaza upande wa pili!

Bili: 68,000. Chini yake VAT asilimia 18, shilingi 12,240. Jumla 80,240. Nikasema, "Dada, menyu haikusema bei haina VAT." Akainamisha kichwa. "Kaka, mimi naagizwa tu." Meneja aitwe. Meneja katoka. Katoka kwenda wapi Jumapili mchana, na gari lake mnalitumia kama kivuli?

Saiti ninakofanya kazi sasa kuna mama ntilie. Wali, maharage, mchicha na kipande cha samaki, 2,500. Juzi nimefika, kabla sijakaa kaniambia, "Baba Zuhura, wali leo umeshika ukoko, unanuka moshi kidogo. Nikupe ugali?" Kaniambia kabla sijala na kabla sijalipa. Hana mpishi mkuu, hana kimraba mezani, hana hata meza, ni benchi na ndoo ya maji ya kunawa.

Najua mtakaokuja na "hela ndogo, huduma ndogo". Mimi nachaji 8,000 kwa mita ya mraba. Yule samaki ni mita kumi za mraba, magoti chini. Aliyewahi kuona magoti ya fundi marumaru aje aniambie hela ndogo. Na wale wa "tuunge mkono vya kwetu", mimi nimefanya nini sasa? Sikununua kopi ya mitaani, sikupenya ukutani kuingia dansini, nimelipa mlangoni kila mahali. Mwandishi yule kafanya kazi yake, mpiga solo kafanya yake, mvuvi kaamka usiku kafanya yake. Kuna watu wanne wa mwisho, mkagua vitabu, mtia sauti, fundi mitambo na mpishi, ambao wametuangalia sisi wateja wakaona tutameza tu.

Mimi sijameza. Changu nimemwacha mezani na jicho lake.

Kitabu bado kiko kitandani kwangu. Kama kuna mdau ana nakala yenye kurasa zote, ya binti na gati na kaka anayekata umati, ataijua kwa lile "kusimumua" nyuma, naomba aandike hapa chini. Sihitaji hadithi nzima. Niambie tu, ile boti aliipanda au hakuipanda? Na yule mtoto ni wa nani?