Mrejesho: Projekta mbili kwa mkono, Ujiji

Wakuu, niliuliza jinsi ya kuendesha projekta mbili kwa mkono, bila mtandao, zirushe picha moja ukutani huku ngoma ikichezwa, hapa Ujiji. Shoo imefanyika na imependeza sana!

Ushauri uliookoa kazi ni wa kukata video vipande vifupi, kila kimoja kikianza na kuisha kwa weusi mtupu. Kompyuta mbili hata zikianza pamoja huachana kidogo kidogo. Kipande kifupi hakizipi nafasi hiyo. Tulikisimamisha kila kipande kwenye fremu ya kwanza, kidole juu ya kitufe, macho kwenye mkono wa mpiga ngoma mkuu. Ukipanda, tayari. Ukishuka, bonyeza. Sauti hatukuifuata: mwenzangu wa projekta ya pili alikaa mbali na jukwaa, na sauti huchelewa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kila mita 34.

Huku Kigoma jua huzama karibu saa moja jioni, na kabla ya giza picha haionekani vizuri ukutani, kwa hiyo muda wa kulinganisha picha ulikuwa mfinyu mno. Aliyeshauri tuchore pembe za picha kwa chaki usiku wa kuamkia shoo, asante sana mkuu.